Kumtafuta Shahidi wa Biblia ya Yona

Nanyala: vikao, karanga na mwavuli

Ndugu zangu, tangu nirudi sijanywa chai ikiwa bado ya moto. Kila nikiinua kikombe mtu anabisha hodi, anavuta stuli, anakaa na kusema, "Haya Mwalimu, hebu tupe habari za Isongole." Nimesimulia mara nyingi mno hadi nimejikuta naongeza chumvi, na mtu aliyepewa kazi ya kuandika historia ya kanisa hana ruhusa ya kuongeza chumvi. Basi naandika mara moja. Someni, mpeane, mniache na chai yangu.

Ya vikao nayaruka. Vilikuwa vinne na katika vyote tulikula karanga. Kilichoamuliwa ni kwamba kanisa letu liwe na kitabu cha safari ya imani ya watu wetu: jinsi watu wazima saba na mtoto mmoja walivyotoka Isongole kwa miguu enzi za babu zetu, wakavuka mto uliofurika, wakapita Mpemba, wakafika hapa Nanyala na kuanza kusali kwenye banda la mahindi. Mimi nilichaguliwa kuandika kwa sababu nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini, na mwandiko wangu unasomeka hata na mtu aliyekasirika.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo ulitakiwa kuwa wa Biblia ya Yona. Mnaifahamu. Kila sikukuu ya mavuno Mzee Ezekia, jirani yangu na mzee wa kanisa, huisimamisha mbele yetu ikiwa kwenye kitambaa cheupe na kusema, "Biblia hii ilivuka mto uliofurika ikiwa kichwani kwa baba yangu, Yona!" Nasi hupiga makofi. Mwaka huu, kwenye kikao cha nne, Mzee Lameki akatema ganda la karanga na kuuliza, "Shahidi nani?" Lameki ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono nje kwanza.

Ezekia akavimba shingo. Ndipo mchungaji akakumbuka kwamba yule mtoto wa safari ile, Mama Tusekile, yu hai, alirudi kuolewa kulekule Isongole na sasa ni mzee sana na afya yake si nzuri. Ikaamuliwa: akithibitisha na kutia sahihi, Biblia ya Yona inaingia ukurasa wa kwanza na inajengewa kabati la kioo kanisani. Asipothibitisha, jina la Yona linaandikwa pamoja na wengine, mstari mmoja, basi. Sikukuu ilikuwa imebakiza siku kumi.

Ezekia hakulala siku ile, mkewe aliniambia. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana, na Biblia ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa zaidi ya mibuni. Asubuhi ya safari alinifuata akiwa na suti ya harusi ya mwanawe, viatu vinavyolia kila hatua, mwavuli katikati ya kiangazi, na Biblia kwenye mkoba aliouvaa kifuani na kuukumbatia kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na kaunta buku mpya, kalamu tatu za bluu na moja nyekundu ya kuchorea pambizo.

"Mwalimu," alisema, "tukirudi, Lameki atakula maganda yake."

Mpemba: watu wote wameokoka

Pale Mpemba tulishuka kumwona Mzee Patson, Mnamwanga mmoja mpole, kwa kuwa babu yake ndiye aliyewalaza wasafiri wale baada ya kuvuka mto. Tukakaa mbele ya nyumba. Nikafungua kaunta buku, nikachora pambizo, nikamwuliza jina lake, la baba yake na la babu yake. Mama mmoja aliyekuwa akipita na debe la mahindi kichwani akasimama kutazama. Akatazama kitabu, akatazama suti ya Ezekia, akatua debe.

Sijamaliza ukurasa wa kwanza, nyuma ya yule mama kulikuwa na watu sita. Mara wakawa kumi na tano. Wanatoka mashambani na majembe, wanatoka dukani, mmoja alitoka kunyolewa akiwa na nywele upande mmoja. Wakajipanga mstari mzuri kabisa, ambao kwa miaka thelathini sikuwahi kuupata darasa la tatu.

"Mwalimu," Ezekia akaninong'oneza, macho yamemlowa, "Roho anafanya kazi. Waandike!"

Nikaanza kuandika. Nikamwuliza yule mama wa debe, "Mama, imani ilikufikiaje?"

"Ilinifikia vizuri," akasema. "Nina ekari mbili."

Nikaona ni mtu wa kushukuru baraka. Nikaandika: ekari mbili. Aliyefuata alikuwa baba mmoja mwenye haraka.

"Umeokoka lini, ndugu?"

"Mwaka jana. Lakini haikutosha, walituletea kwa kuchelewa."

"Walikuletea nani?"

"Si nyie? Mwaka huu mniletee mapema. Mimi na mke wangu, mifuko minne."

Jamani, bado sikuelewa. Nilifikiri mifuko ni ya sadaka. Ezekia alikuwa anapita kwenye mstari akiwapa watu mkono na kusema, "Karibu sana, karibu nyumbani mwa Bwana," nao wanamjibu, "Tunashukuru, mheshimiwa," na kumwonyesha kadi zao za kupigia kura. Nikaandika watu thelathini na wanne. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani sura nzima iitwayo Uamsho wa Mpemba.

Mtu wa thelathini na tano alikuwa mzee wa Kiislamu, kofia safi nyeupe, tasbihi mkononi. Nikashusha kalamu.

"Mzee wangu, shikamoo. Na wewe unataka kuingia kwenye kitabu hiki?"

"Marahaba. Kwa nini nisiingie? Kwani mahindi yana dini? Mimi niandikie ya kupandia tu, ya kukuzia nitatafuta mwenyewe."

Hapo ndipo jua liliponiwakia utosini. Mwaka ule, mnakumbuka, vocha za mbolea ya ruzuku zilikuwa zinasubiriwa kila kijiji, na mtu yeyote aliyekaa na kaunta buku mbele ya nyumba akiuliza majina alikuwa ndiye bwana vocha. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti yangu ya paredi kwamba sisi ni watu wa historia ya kanisa, hatuna mbolea hata kijiko. Mstari ukasambaa kwa manung'uniko. Aliyenyolewa nusu akarudi kumalizia. Mwenyekiti wa kitongoji akafika anatweta, akiuliza kwa nini orodha inaandikwa yeye hajui, tukamweleza naye. Yule mama wa debe akanyanyua mzigo wake, halafu akageuka.

"Lakini jina langu liache humo humo, mwalimu. Huwezi kujua."

Nikaliacha. Kurasa zilishapigwa namba na mimi huwa sichani kurasa. Ndiyo maana kitabu cha imani yetu kina watu thelathini na wanne wa Mpemba wenye jumla ya ekari nyingi.

Mke wa Patson akasema hatuondoki bila kula. Akaleta ugali, samaki wakavu wa kuungwa na karanga, na kisamvu. Tukila, nikamwuliza Patson, babu yake alisimulia nini juu ya wale wageni.

"Babu alisema walikuja wamelowa chapachapa, wanatetemeka, na wanaimba kila mtu wimbo wake."

"Na Biblia?" akauliza Ezekia, tonge limesimama hewani.

Patson akafikiri kwa uaminifu wote. "Babu hakutaja kitabu. Alitaja kuku. Alisema walikuja na kuku mzuri sana, wakamla pamoja."

"Historia ya kanisa haiwezi kuanza na kuku," Ezekia akasema. "Mwalimu, hiyo andika kwa penseli."

Sikuwa na penseli. Nikaandika kwa kalamu, herufi ndogo.

Tunduma: mtu mwenye mkoba

Mtashangaa kwa nini tulikwenda Tunduma wakati njia ya Isongole inachepukia palepale Mpemba. Ni kwamba magari ya Isongole hujazia Tunduma, yakifika Mpemba hayana hata nafasi ya mguu. Kwa hiyo ili uende mbele unakwenda kwanza pembeni, na kila mtu anaona ni sawa.

Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilianzia mbali, madereva wamelala chini ya matela, wengine wanapika. Tukashuka na kutembea. Sasa mniambie ukweli: pale mpakani, mwanaume mwenye suti anayekumbatia mkoba kifuani na kutazama huku na huku ni nani? Mimi sikufikiri hilo. Wenzangu wa Tunduma walifikiri mara moja: mbadilisha fedha.

Mama mmoja wa Kizambia, mnene, mchangamfu, akamzuia njia na kumsalimu kwa Kibemba. "Mulishani mukwai! Baba, leo kwacha unanunuaje?"

Ezekia akakaza mikono. "Sinunui. Hii ni ya baba yangu."

"Ya baba yako?" Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma. "Ay, basi hizo za zamani, hazichukuliwi tena. Pole sana mukwai."

"Haziwezi kupitwa na wakati!" Ezekia akamaka. "Hili ni Neno la uzima!"

Yule mama akarudi nyuma hatua mbili, akaniuliza mimi kwa upole kama mzee anaumwa siku nyingi. Nikamwambia hapana, ni tangu kikao cha nne.

Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Shabani, msafirishaji, mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma zamani na ambaye amekuwa akibeba kahawa ya Ezekia misimu mingi. Alikuwa na lori la Canter linapeleka magodoro Isongole. Akasema linaondoka sasa hivi. Tulifika kwake saa sita mchana. "Sasa hivi" ya kwanza dereva alikuwa amefuata spea. Ya pili alikuwa amerudi, spea si yenyewe. Ya tatu, spea ndiyo yenyewe lakini dereva amekwenda kuswali, na mimi kwa hilo sina neno. Saa tisa tulikuwa bado tumekaa kibarazani, tumeshakula pilau yenye nyama ambayo mke wa Shabani aliipakua mara mbili bila kutuuliza, na viatu vya Ezekia vimevuliwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

Ezekia akamweleza Shabani habari yote ya mto, Biblia na Lameki. Shabani akasikiliza vizuri.

"Na sisi wazee wetu walikuja huku na msahafu," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo."

"Nani aliubeba?" Ezekia akauliza kwa hamu.

"Sikumbuki, ndugu yangu. Nakumbuka kiu. Nakumbuka tuliangusha sufuria, mbuzi mmoja akatoroka, na mjomba tulimsahau Dodoma siku mbili. Msahafu tulifika nao, alhamdulillahi. Lakini usiniulize ulipitaje."

"Kwetu kila kitu kinajulikana," Ezekia akasema.

"Mashallah," Shabani akasema, akamwongezea chai.

Njia ya Isongole: juu ya magodoro

Kiti cha mbele kilikuwa kimoja tu, kwa kuwa kingine kilikaliwa na katoni la vifaranga ambalo dereva alisema halitakiwi kupata upepo. Nikakaa mimi. Ezekia akapandishwa juu ya magodoro na kufungwa kamba kiunoni. Alisema hapana haja ya kumwonea huruma, hajawahi kukaa mahali laini namna ile.

Tulipopita tena Mpemba, watu walikuwa kando ya barabara na wakamwona kule juu, suti, tai, mwavuli ameufungua kwa ajili ya jua. Wakaanza kukimbia nyuma ya gari.

"Mheshimiwa! Jina langu limeandikwa?"

"Mwalimu! Mimi nilikuwa kisimani, sikuwepo!"

"Ni ekari tatu, siyo mbili! Nilikosea!"

Ezekia akawapungia mkono kwa heshima zote, jambo ambalo halikusaidia. Dereva akaniuliza kama tunagombea ubunge.

Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda na kujikunja milimani. Kwenye mlima wa tatu tairi likapasuka. Gari liliposimama ghafla magodoro ya juu yakateleza taratibu mbele, Ezekia akiwa juu yake, kamba ikakaza, na akabaki ananing'inia mbele ya kioo, ana kwa ana na mimi, Biblia kifuani, mwavuli bado wazi. Tulitazamana hivyo muda mrefu kuliko tulivyowahi kutazamana tangu tuwe majirani. Sikujizuia, nilicheka mpaka vifaranga wakaamka.

Alipofunguliwa aliketi kwenye jiwe kando ya barabara, dereva akibadilisha tairi, na hakucheka. "Mwalimu," akasema, "kama huyu mama hakumbuki je? Watu husahau." Nikamwambia mtoto hasahau siku aliyovuka mto. Nilikuwa nataka kumtuliza tu.

Isongole: kilichokuwa kichwani

Tulilala kwa jamaa wa mchungaji, na asubuhi tukaelekezwa nyumbani kwa Mama Tusekile. Tulimkuta ameketi kwenye mkeka uani, amejifunika vitenge viwili, anachambua maharage. Ni mdogo wa mwili, amekondeana, anakohoa, lakini macho yake yalitupima kuanzia viatu hadi kichwani. Tukapiga magoti kumwamkia. Ezekia alipojitaja kwamba ni mtoto wa Yona, mama aliacha maharage, akamshika kidevu na kukigeuza huku na huku.

"Masikio yake haya," akasema. "Karibu, mwanangu. Kuleni kwanza."

Tukamwambia tumekula. Akasema basi tule tena. Mkwe wake, Mama Subira, akaleta ndizi za kupika na maharage kwenye sinia ambalo kwetu tungelitumia kwenye sherehe. Ezekia hakugusa chakula. Nikala sehemu yake na yangu, na hiyo nataka ihesabiwe kuwa huduma kwa kanisa.

Halafu mama akataka nisome yote niliyokwishaandika. Nikasoma. Kwenye watu thelathini na wanne wa Mpemba alicheka hadi Mama Subira akaja kumpigapiga mgongo.

"Siku zetu ilikuwa kinyume," akasema. "Kiongozi wetu alikuwa na daftari la kuandikia waliosadiki. Tukifika kijijini akalitoa tu, watu wanakimbilia porini. Walidhani wa kodi! Tulihubiria mbuzi siku mbili."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye herufi ndogo, pale pa kuku, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kuku wangu! Walimla, eti? Mimi niliambiwa ametoroka!"

Ilibidi tungoje kidogo. Miaka yote ile, na bado alikuwa na uchungu na kuku yule. Ezekia hakuweza kuvumilia zaidi. Akafungua mkoba, akafunua kitambaa cheupe, akaweka Biblia mapajani mwa mama.

"Mama, mwambie Mwalimu. Hii ndiyo iliyovuka mto ikiwa kichwani kwa baba."

Mama Tusekile akalipapasa jalada pole pole. Akaifungua, akaifunga.

"Mnaandika kweli? Itakaa kwenye kitabu?"

"Itakaa, mama," nikasema.

"Basi hii siyo. Ile iliachwa mtoni."

Nawaambieni ukweli, nilitamani kalamu iishiwe wino. Akatueleza, na ninaandika hapa kama alivyosema. Maji yalikuwa yanajaa. Kila mtu alikuwa na mzigo wake, na Yona, kwa kuwa ndiye mrefu, alipewa sanduku la mbao lenye Biblia aliweke kichwani. Shangazi wa Tusekile alivuka akidhani mtoto amebebwa na kiongozi. Kiongozi akavuka akidhani mtoto yuko kwa shangazi. Yona, wa mwisho, alikuwa ameshaingia majini hadi magotini alipogeuka na kumwona mtoto amesimama peke yake ukingoni, kuku kwapani.

"Alitazama ng'ambo. Akanitazama mimi. Akatoka majini, akaweka sanduku juu ya jiwe, akasema, 'Litanisubiri.' Akanipandisha mabegani. Mimi nikamweka kuku kichwani pake, nikamshika miguu, maana sikutaka alowe."

"Kwa hiyo kichwani," nikasema kabla sijajizuia, "kulikuwa na kuku."

"Kulikuwa na kuku. Maji yalimfika shingoni. Tulipofika ng'ambo alitaka kurudi, lakini hapakuwa na pa kurudia. Tulingoja siku mbili kwa wale waliotulaza. Maji yalipopungua akaenda, jiwe lipo, sanduku hakuna."

Kiongozi alimkemea mbele ya wote. Mwaka mzima kule Nanyala walisali bila kitabu, kila mtu akisema mstari anaoukumbuka. Yona alikuwa na mmoja tu, tena nusu. Baadaye sana ikaletwa Biblia nyingine, ndiyo hii, na Yona akaomba aitunze yeye. Akaitunza hivyo hadi watu waliozaliwa baadaye wakasema ndiyo iliyovuka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" Ezekia akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nilikuwa naona anavyoishika. Ningesemaje? Yeye akinikuta njiani, hata nilipokwisha kuwa mwanamwali, aliniuliza, 'Tuse, mzima?' Nikamwambia mzima. Anasema, 'Vizuri,' anapita. Kila siku hivyo, hakuna jingine."

Ezekia akasimama, akatoka hadi kwenye migomba na kutugeuzia mgongo. Nilimhurumia sana. Tangu atoke nyumbani nilikuwa nimemcheka, na sasa suti ile, tai ile, vilinitia uchungu kuvitazama. Nikamfuata. Mimi niliyewachapa watoto kwa kunakili, nikamwambia, "Mzee Ezekia, si lazima tuandike yote. Naweza kuandika kwamba Yona alivuka mto, na Biblia ikatunzwa na Yona. Vyote ni kweli. Hakuna atakayejua katikati kumetokea nini."

Nyuma yetu Mama Tusekile alikuwa anaita kwa Kindali, sauti kubwa kuliko nilivyodhani anayo. Watu wakaanza kuja. Mama Subira alitoka jikoni akifuta mikono. Wanaume wawili wenye mvi wakatoka shambani. Akaja mwenye duka wa pale mbele, akaja mwalimu wa sekondari na chaki vidoleni, wakaja akina mama na watoto mgongoni, wanafunzi na sare zao, na kitoto kimoja kinachotambaa kikapotea njia na kuingia chini ya mwavuli wa Ezekia.

"Huyu ni mtoto wa Yona," mama akawaambia. "Msalimieni."

Walikuwa wanaijua habari ile. Wote. Kwetu haikusemwa, lakini kwenye nyumba ile watoto walikuwa wamekua nayo. Wale wenye mvi ndio waliotangulia, wakampa Ezekia mikono yote miwili na kuinamisha vichwa, na waliofuata wakapiga magoti, mmoja baada ya mwingine, na mama pale mkekani anawataja: huyu wa kwangu wa tatu, huyu wa huyu, yule wa binti yangu wa Itumba. Ezekia alianza kwa kuitikia vizuri, marahaba, marahaba. Kufika katikati alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye tai, na anaendelea kushika mikono.

Walipokwisha akaja akakaa mkekani karibu na mama. Akajifuta uso kwa kile kitambaa cheupe.

"Andika, Mwalimu."

"Niandikeje?"

"Kama alivyosema. Na jiwe uliandike. Na kuku, siyo herufi ndogo."

Nikaandika hadi mchana. Nilipomletea Mama Tusekile wino wa kuweka kidole gumba aliudhika, akanyang'anya kalamu na kuandika jina lake zima kwa herufi za mkono, zimeinama vizuri kuliko zangu.

Nanyala: Jumapili

Safari ya kurudi haina la kusimulia, isipokuwa Mpemba tuliinama ndani ya gari hadi tukapita.

Siku ya sikukuu nilikuwa nimejiandaa kusoma mimi. Ezekia akaja mbele akaniomba kitabu. Alikuja bila suti na mikono mitupu, na nikaona watu wanaulizana Biblia iko wapi. Akasoma taratibu, maana macho yake si mazuri. Pale pa kuku kanisa zima lilicheka, hata mchungaji, naye akangoja kicheko kiishe. Alipofika kwenye jiwe aliianza sentensi mara mbili ndipo akaimaliza. Akafunga kitabu.

Kama mlivyoona wenyewe, Mzee Lameki alisimama. Nilitaka kumvuta koti.

"Nataka nielewe," akasema. "Kwa hiyo Biblia ile haikufika?"

"Haikufika," Ezekia akasema. "Alifika mtoto."

Lameki akavua kofia yake na kukaa.